Somo la Historia: Nani Ajuaye Kupima Almasi?

 

Mkulima wa pamba ajua kwamba zao lake halina bei moja. Iko pamba safi, na iko pamba fifi. Asiyejua kuzipambanua hupunjwa sokoni. Almasi nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui, Shinyanga, kusini ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Karati 5 ni gramu 1, basi jiwe lile halikufika gramu 11.

Lakini uzito peke yake si bei. Hutazamwa pia rangi, mchongo na usafi. Almasi huumbika chini sana ardhini, penye joto kali. Humo hunasa chembe za madini mengine, au hupata nyufa ndogo. Hayo ndiyo mawaa. Mkaguzi hulitazama jiwe kwa kioo kinachokuza mara 10. Hujiuliza: mawaa ni mangapi? Ni makubwa? Yako katikati au pembeni?

Zamani kila mfanyabiashara alisifu jiwe kwa maneno yake. Katika mwaka 1953 taasisi ya vito ya Marekani, GIA, ilileta utaratibu wa madaraja. Leo madaraja ya usafi ni 11. La juu kabisa ni la jiwe lisiloonekana waa lolote kwa kioo kile. Katika yale ya chini, mawaa huonekana hata kwa macho matupu.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Karatasi za kusafirishia zilitaja dola milioni 14.8. Wakaguzi wa Serikali walisema ni milioni 29.5. Kampuni ilikana kosa. Mawe yalikuwa yale yale, lakini hesabu mbili.

Basi, ndugu, mwenye mali asiyejua kuipima hutajiwa bei na mwingine.

Maswali ya kujadiliana:
1. Waa katika almasi ni nini?
2. Kwa nini wapimaji wote watumie madaraja ya namna moja?
3. Ni mali gani kwenu hupimwa na mnunuzi peke yake?