Tiba ya Jeni na Maumivu ya Baada ya Upasuaji

Tiba ya jeni ni matibabu yanayolenga jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya seli yanayoamua ni protini gani itengenezwe na kwa kiasi gani. Jeni mpya inaweza kuingizwa, yenye kasoro kurekebishwa, au hata iliyo nzima kunyamazishwa. Wapo wanaoiita tiba ya vinasaba, jina lililozoeleka Tanzania kutokana na vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali vya kubaini mzazi wa mtoto. Hata hivyo, kwa kuwa vinasaba vimetokana na nasaba, jina hilo huvuta fikra kwenye kurithishana, ilhali tiba inayozungumzwa hapa hulenga neva za mgonjwa mwenyewe na haikusudiwi kugusa mbegu za uzazi. Tiba ya jeni ndilo jina stahiki, na linampunguzia mgonjwa hofu asiyostahili kubebeshwa.

Mtu anapopasuliwa, neva zilizo karibu na jeraha hupeleka ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo kwa msaada wa vijilango vya sodiamu vilivyo katika utando wa seli. Kimojawapo, Nav1.7, hutokana na jeni iitwayo SCN9A. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia za kaskazini mwa Pakistani ambamo baadhi ya watoto, kwa kuzaliwa na jeni hiyo isiyofanya kazi, hawakuwahi kuhisi maumivu, ingawa mguso, joto na baridi walivihisi. Mvulana mmoja aliyekuwa akijichoma visu mikononi na kukanyaga makaa mbele ya watazamaji alifariki akiwa bado mtoto, baada ya kuruka kutoka juu ya paa.

Kwa kuwa kukosa maumivu daima ni hatari, kunyamazisha jeni kutofautishwe na kuihariri, kwani kuhariri hubadilisha maandishi yenyewe ya jeni, ilhali kunyamazisha huyaacha yalivyo na kuzuia tu yasisomwe. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitaka kuinyamazisha SCN9A; walitumia Cas9, protini inayotumika kukata jeni wakati wa kuihariri, ikiwa imeondolewa uwezo huo wa kukata, wakaipeleka kwa virusi visivyodhuru kwenye ute wa uti wa mgongo wa panya, na katika jaribio moja nafuu ilionekana hata baada ya wiki 44. Muda huo ni mrefu mno kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye jeraha lake hupona mapema zaidi. Unamfaa zaidi mgonjwa aliyekatwa mguu au kufunguliwa kifua, ambaye maumivu yake yanaendelea ingawa kidonda kimekwisha kufunga, na mofini haiwezi kuwa tegemeo lake la kudumu.