Maharamia wa nchi kavu

Wadau, kuna wanaodhani wizi wa kazi za wasanii ulianza na kaseti na CD za kuchoma. Hebu turudi London ya mwaka 1878.

Tarehe 25 Mei mwaka huo, katika ukumbi wa Opera Comique, ilizinduliwa opera ya kuchekesha iitwayo H.M.S. Pinafore. Maneno aliandika W. S. Gilbert, muziki akatunga Arthur Sullivan, na mwenye kuandaa onyesho alikuwa Richard D'Oyly Carte. Kisa chenyewe ni baharia wa kawaida kumpenda binti wa nahodha wake, huku mkuu wa jeshi zima la majini akiwa bwana asiyejua bahari hata kidogo. Waingereza wakayacheka matabaka yao wenyewe, na onyesho likapigwa mara 571.

Balaa likaanzia Marekani. Sheria ya huko ilikuwa haitambui hakimiliki ya mgeni, na haikubadilika mpaka 1891. Novemba 1878 watu wa Boston wakaipandisha Pinafore jukwaani bila kumuuliza mtu. Baada ya hapo kila kundi likawa na Pinafore yake. Inakadiriwa yalifika 150 hivi. Gilbert na Sullivan hawakuona hata senti.

Na nyumbani je? Usiku wa 31 Julai 1879, washirika wa biashara waliokuwa wamekosana na Carte waliingia ukumbini na watu wa kukodi, onyesho likiendelea, wakitaka kubeba mapambo ya jukwaa! Wasanii na mafundi wakawatoa kwa nguvu. Kesho yake jamaa wakafungua Pinafore yao katika ukumbi mwingine.

Basi Carte na wenzake wakatumia akili. Desemba 1879 walikuwa New York, wakiwaonyesha Wamarekani Pinafore halisi, na mkononi wana opera mpya. Kulinda haki Uingereza, ilibidi ichezwe kwanza kule. Kuilinda Marekani, ilibidi waizindue wenyewe na wasiuchapishe muziki wake. Kwa hiyo tarehe 30 Desemba, katika mji mdogo wa pwani wa Paignton, kundi lililokuwa likizunguka na Pinafore liliicheza mara moja, haraka haraka, wakiwa na nguo zile zile za mabaharia, leso kichwani na karatasi za maneno mkononi. Kesho yake ikazinduliwa rasmi New York. Jina lake? The Pirates of Penzance, yaani Maharamia wa Penzance!

Kitu kimoja kinanisumbua. Umati wa New York uliwajua Gilbert na Sullivan kwa sababu ya wezi wale wale. Bila Pinafore za bure, nani angewasubiri kwa hamu namna ile? Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba. Walipoanza kula jasho lao Marekani, ni kwa sababu walivuka bahari wakaenda kulidai, siyo kwa sababu kuna sheria iliyowahurumia.

Nawasilisha.