Jina la Udongo: Historia ya Kuusoma Mwamba-tope wa Bahari na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Udongo wa mfinyanzi humwelekeza mzungumzaji wa Kiswahili kwenye chungu na mtungi. Katika sayansi ya miamba, jina hilo hubebeshwa dhana mbili zisizolingana: chembe yoyote ndogo kuliko mikromita 2 kwa kipimo kilichozoeleka, na jamii ya madini yenye muundo wa matabaka membamba. Makala hii inadai kuwa historia ya utafiti wa mwamba-tope ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuzitenganisha dhana hizo. Kiswahili kikizichanganya, kitashindwa kueleza maarifa yaliyochimbuliwa katika pwani yake chenyewe.

2.0 Kutoka Ukubwa hadi Madini

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, chembe hizi zilikuwa ndogo mno kwa hadubini za wakati huo. Ukubwa ndio uliozitambulisha. Katika miaka ya 1920 na 1930, miale ya eksirei ilidhihirisha kuwa nyingi kati yake ni fuwele zenye mpangilio maalumu. Baadhi ya majina yalitokana na mahali: kaolini kutoka Gaoling, China, montimoriloniti, mojawapo ya madini ya kundi la smektaiti, kutoka Montmorillon, Ufaransa, na ilaiti, mwaka 1937, kutoka jimbo la Illinois, Marekani.

Visima vya mafuta viliongeza swali la wakati. Mwaka 1976, John Hower na wenzake walichapisha uchunguzi wa kisima cha ukanda wa Ghuba ya Meksiko. Kadiri kina kilivyoongezeka, matabaka ya smektaiti yaligeuka kuwa ilaiti, hata kiwango cha ilaiti katika madini hayo mchanganyiko kikapanda kutoka takribani asilimia 20 hadi 80 kwenye kina cha mita 3,700 hivi. Potasiamu ilitoka katika feldispa iliyooza. Maji na silika vikaachiliwa. Mabadiliko ya namna hii, yanayoyapata mashapo baada ya kutua na kuzikwa, ndiyo dayajenesi. Tangu hapo, mtafiti hulazimika kuuliza kama madini anayoyaona yaliletwa na mto au yalizaliwa kaburini.

3.0 Ushahidi wa Kilwa

Swali hilo lina jibu la kipekee kusini mwa Tanzania. Mwaka 2001, Paul Pearson na wenzake, kwa kutumia magamba ya foraminifera yakiwemo ya Tanzania, walionesha kuwa bahari za tropiki za enzi ya Eosini zilikuwa na joto kubwa. Magamba mengi ya sakafu ya bahari kuu yalikuwa yameashiria ubaridi, kwa kuwa yalijiunda upya katika maji baridi baada ya viumbe kufa. Ya Tanzania yalibaki angavu kama kioo: tope lililoyafunika halipitishi maji kirahisi, wala halikuzikwa kwa kina kirefu. Kuanzia 2002, uchorongaji wa kisayansi uliendelezwa katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Mwaka 2006 miamba hiyo ikapewa jina rasmi la Kundi la Kilwa, lenye fomesheni za Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba udongo wa mfinyanzi libaki jina la malighafi, madini ya udongo litaje jamii ya fuwele, na chembe za ukubwa wa udongo litaje kipimo. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Smektaiti hufura inaponyonya maji na kusinyaa inapokauka, hata kuta na barabara zikapasuka. Kaolini haifuri hivyo. Ripoti inayotaja “asilimia ya udongo” bila kufafanua humwacha mshauri wa sera gizani. Majina ya Kivinje na Masoko yamekwisha kuingia katika jiolojia ya dunia. Haifai mkazi wa Kivinje akose lugha ya kuelezwa kilichomo chini ya nyayo zake.