Herufi ĩ na ũ kwenye seva ya mafaili

Leo tuongelee herufi mbili. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, kwa hiyo a, e, i, o, u hazitoshi. Ndipo zikaja ĩ na ũ. Kwa kompyuta zilikuwa balaa.

Jedwali la ISO 8859-1 la mwaka 1987 lina ã, ñ na õ, lakini hizi mbili halina. Cha kuchekesha, ISO 8859-4 ya 1988, iliyotengenezewa nchi za Baltiki na Greenland, inazo!

Samba, programu inayowezesha seva ya Linux kugawana mafaili na Windows, hadi toleo la 2.2 ilitumia jedwali namba 850 la DOS. Nalo halina ĩ, lina î, ambayo wapo wanaoiandika badala yake. Toleo la 3.0, Septemba 2003, ndilo lililoanza kuzungumza Yunikodi na Windows.

Kwenye smb.conf, andika:

unix charset = UTF-8

Ukiweka ISO8859-1, faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8 kama Kĩrĩnyaga.doc itaonekana KÄ©rÄ©nyaga.doc. Wengi huandika Kirinyaga tu. Kwangu mimi huko ni kukwepa, maana lugha ndiyo inayopunguzwa.

Mac za mfumo wa HFS+ nazo zilitenganisha ĩ kuwa i na alama yake. Basi seva ya Linux inaweza kubeba Kĩrĩnyaga.doc mbili, kwa macho hazina tofauti. Mimi hutumia convmv --nfc; haibadilishi jina lolote mpaka uongeze --notest.