Mgeni wa Mlima wa Dhahabu

Nilipokuwa nikifundisha historia sekondari, dhahabu ya California niliimaliza kwa ubao mmoja: Januari 1848, Coloma, watu wakamiminika. Kilichonirudisha kwenye somo hilo uzeeni ni jina tu.

Wachina wa Guangdong waliiita California Gam Saan, yaani Mlima wa Dhahabu. Dhahabu ilipopatikana Australia mwaka 1851, Melbourne ikaitwa Mlima Mpya wa Dhahabu, na San Francisco ikawa Mlima wa Kale. Hadi leo ndivyo Wachina wanavyoliandika jina la mji huo.

Aliyekwenda huko kuchimba aliitwa gam saan haak. Haak ni msafiri, ni mgeni. Angalieni, wapenzi wa lugha: waliompa jina hilo ni watu wa kwao, si wa California. Mgeni huko alikokwenda, mgeni pia midomoni mwa nduguze! Mkewe naye, aliyebaki kijijini, aliitwa kwa mlima asiopata kuuona: gam saan po.

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishika sururu tangu siku ya kwanza, maana nauli ya wengi ilikuwa ya mkopo. Mwaka 1852 pekee waliteremka San Francisco Wachina wapatao 20,000, takriban wote wanaume. Wengi walikwenda mitoni kuchekecha upya changarawe zilizoachwa na Wazungu, wakiwa wamechuchumaa majini, karai mkononi. Mwaka huohuo ikatungwa kodi ya mchimbaji mgeni: dola 3 kila mwezi, apate asipate.

Lakini linaloniuma zaidi ni la mwaka 1854. Mzungu mmoja alihukumiwa kwa kumuua mchimbaji Mchina, Ling Sing. Mahakama Kuu ya California ikaitengua hukumu hiyo, kwa sababu waliomshuhudia walikuwa Wachina, na ushahidi wa Mchina haukukubalika dhidi ya Mzungu. Waliyaona, wakayasema, yakawa hayakusemwa.

Waliofia huko walizikwa kwa muda tu. Baada ya miaka kadhaa mifupa ya wengi ilifukuliwa, ikasafishwa, ikafungwa sandukuni na jina la mwenyewe, kisha ikapakiwa melini kwenda kuzikwa upya Guangdong, kijijini, karibu na wazee wake.