Kebo Iliyolazimika Kusikiliza

Mwaka 1948, wakazi wa Mahanoy City, Pennsylvania, hawakuwa na sababu ya kununua televisheni: milima ilizuia mawimbi ya Philadelphia. John Walson, muuza vifaa vya umeme, husimuliwa kuwa alisimamisha antena kilimani akateremsha waya hadi dukani kwake. Watu wa Astoria, Oregon, nao hudai kebo ilizaliwa kwao. Tuwaachie ubishi wao.

Waya ule ulikuwa wa kuteremsha picha tu. Mtazamaji hakutarajiwa kujibu. Kampuni za kebo zilipoanza kuuza intaneti miaka ya 1990, njia ya kupandisha data ilikuwa kichochoro cha megahezi 5 hadi 42, chenye makelele ya mota na redio za watu, na mtaa mzima ulikitegemea.

DOCSIS, kanuni za modemu zilizotolewa na CableLabs mwaka 1997, ziliweka zamu: modemu iombe nafasi, mtambo wa kampuni uigawe, ndipo data ipande. Barua pepe haidhuriki kwa kungoja. Simu hudhurika. Sauti hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, na kipande kinachochelewa mno hutupwa, maana mazungumzo yameshasonga mbele.

Toleo la 1.1, la mwaka 1999, lilikuja na ufumbuzi ambao kwangu unaishinda mbio yote ya kasi iliyofuata: simu ikiunganishwa, modemu hutengewa nafasi yake kwa vipindi maalumu, bila kuomba tena, hadi simu ikatwe. Kampuni ya kebo ya Cablevision ya New York ikaanza kuuza huduma ya simu za intaneti mwaka 2003. Comcast ikafuata 2005.

Simu za video hazikupendelewa hivyo. Zilipita pamoja na mafaili ya kila mtu, na watengenezaji walikuwa wamezipa modemu hifadhi kubwa mno, pakiti, yaani vipande vya data, zikirundikana humo badala ya kutupwa. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys alikuwa akinakili faili nyumbani kwake, akaona ucheleweshaji unapita sekunde nzima. Kasi aliyolipia ilikuwepo. Kilichomponza ni foleni.

DOCSIS 3.1 ya mwaka 2013 ikaitaka modemu ianze kutupa pakiti kabla foleni haijajaa. Mwaka 2019 ikaongezwa foleni ya pili, fupi, kwa data zisizovumilia kungoja. Comcast ilianza kuifungulia baadhi ya miji Januari 2025, FaceTime, programu ya simu za video, ikiwa miongoni mwa za kwanza kupitishwa humo.