Freni za nyuma za kamioneti: gisi ya kuchunguza ndani ya tambura

Kamioneti nyingi za zamani zinazopiga safari ya Baraka na Fizi, kama Toyota Hilux, zina freni za tambura kwa magurudumu ya nyuma. Tambura ni bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ndani kuna vipande viwili vilivyopinda, vimevaa ferodo. Shoferi akikanyaga pedali, vinatanuka na kubana bakuli. Juu kila kitu kimefunikwa, ferodo inaisha bila mtu kuona.

Kupima freni gari ikiwa tupu hakutoshi. Baraka iko kando ya ziwa, Fizi iko juu mlimani. Wakati wa kushuka na magunia na abiria juu yake, freni za nyuma zinaombwa nguvu zaidi. Hilux nyingi hata zina valvu karibu na ekseli ya nyuma inayoongeza nguvu hiyo kadiri mzigo unavyozidi. Kwa hiyo gari inayosimama vizuri mbele ya garaji inaweza kukataa kusimama kwenye mteremko.

Kufungua si kazi ngumu. Gari iwe mahali pa sawa, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, shasi iegemezwe kwa gogo nzito, si kriki peke yake. Freni ya mkono ilegezwe. Tambura ikigoma, kwa Toyota kuna matundu mawili yenye uzi: ukikaza humo bulo mbili, kidogo huku kidogo kule, inasukumwa nje. Nyundo inapasua chuma. Tambura ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage pedali.

Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Ferodo za zamani zinaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Maji na sabuni yatosha.

Kisha pima ferodo mahali ilipo nyembamba kabisa. Ikibaki milimita 1, imekwisha. Kwa barabara hii, kungoja paka hapo ni kucheza na watu. Ndani ya tambura pitisha kidole: mikwaruzo mirefu au ukingo uliosimama ni dalili ya kulika. Kipimo cha mwisho cha upana kwa kawaida kimechongwa kwenye chuma chenyewe. Inua pia mpira wa silinda ndogo. Kukiwa majimaji, freni inavuja. Mafuta mazito yenye harufu kali yanatoka kwa ekseli, na ferodo iliyolowa hayo haioshwi, inabadilishwa, pande zote mbili.

Kuna desturi moja ya mashoferi: kuegesha kwa jiwe nyuma ya gurudumu, freni ya mkono haiguswi miaka. Lakini kwa Hilux nyingi za zamani, kuivuta ndiko kunakosogeza ferodo karibu na tambura kadiri inavyolika. Isipovutwa, pedali inazama kila mwezi zaidi, na shoferi anaongeza mafuta ya freni akidhani yamepunguka tu. Jiwe liwekwe, na mkono uvutwe.